Mwaloni Usio na Tundu

"Risasi zote," alisema Verdell Tolliver, mkono ameunyoosha mbele ya taa za pikapu. "Hata ile iliyosahaulika mfukoni tangu mwaka juzi."

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi ya pili tangu Hosea Pruitt apigwe risasi akiwa juu ya dungu lake la kuwindia kulungu. Wanaume wawili waliowinda naye asubuhi ile, na kila msimu kwa miaka ishirini na sita kabla yake, walisimama mbele ya Verdell wakitoa mvuke midomoni kama mabirika. Wa kwanza alikuwa Rufus Gandy, shemasi wa kanisa, mrefu, mkavu, kizibao chake cha rangi ya chungwa kimepigwa pasi. Alizitoa risasi zake tano na kuziweka kiganjani mwa Verdell moja moja. Wa pili, Ezell Mingo, dereva mstaafu wa basi la shule, alijipekua mifuko yote sita ya koti lake, akatoa risasi nne, kamba ya kiatu na peremende.

"Na hii peremende nayo?"

"Hiyo kaa nayo, Mzee Ezell."

"Afadhali. Ukininyang'anya na hii nitakuwa nimeingia msituni uchi."

Gandy hakucheka. "Binti Tolliver, sherifu amekwisha lifunga jambo hili. Kwa nini unatutonesha kidonda?"

"Sherifu amefunga la kwake. Mimi ni bwana nyama, msimamizi wa uwindaji. Mtu akifa kwa risasi ya kuwindia katika wilaya hii, ripoti haitoki bila sahihi yangu. Na sahihi yangu ninayo bado."

Wilaya nzima walimwita hivyo, Bwana Nyama, ingawa alikuwa mwanamke na mama wa watoto wawili, na alikuwa amekwisha acha kuwasahihisha. Miaka kumi na sita ya kukamata wawindaji haramu katika misitu ya Alabama ilikuwa imemfundisha kwamba jina si kitu. Kitu ni nani anayeinamisha macho wa kwanza. Pale mbele ya taa, aliyeinamisha macho alikuwa Ezell.

"Kila mmoja atakaa palepale alipokaa siku ile," aliwaambia. "Saa mbili kamili mtateremka, mtakuja kwenye mwaloni wa Hosea. Hakuna kuita, hakuna simu. Mkiona kitu, kitazameni tu."

"Na kule ng'ambo?" Ezell aliinua kidevu kuelekea kwenye kijito.

"Bibi Lutie naye atakaa kwake."

Gandy alitema mate pembeni. "Yaani mwuaji naye anapewa kiti."

"Mwindaji anapewa kiti, Shemasi. Kama wewe."

*

Dungu la Hosea lilikuwa ngazi ya chuma yenye kiti na kijukwaa cha kuwekea miguu, vimefungwa kwa mikanda kwenye mwaloni mnene ambao watu wawili wakiukumbatia vidole vyao hugusana kwa shida. Verdell alivaa mikanda ya usalama mwilini, akaiunganisha na kamba iliyozunguka shina, akapanda ngazi kumi na tano, akaketi. Giza lilikuwa bado halijapungua. Alimimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akainywa ikiwa bado inaunguza, kisha akatulia kabisa.

Kukaa dunguni ni kazi ya makalio na subira. Anayejikuna hatapata kitu. Anayekohoa atakohoa mpaka jioni na atarudi na kikohozi chake. Verdell alikaa mikono mapajani, akiuacha msitu umsahau.

Mwanga ulipoanza kuchuja, alianza kuipitia kesi ya sherifu kipande kwa kipande, akiwa amekikalia kiti alichokikalia marehemu.

Kiti kilitazama kusini, kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito, hatua mia moja na hamsini hivi, lilianza shamba la Bibi Lutie Crenshaw, na dungu lake mwenyewe lilikuwa palepale ukingoni. Verdell aliweza kukiona kitambaa cha rangi ya chungwa alichojifunga kichwani. Nyuma ya mwaloni, kaskazini, ardhi ilipanda hadi mgongo wa kilima, na upande wa pili wa mgongo huo ndiko alikokuwa Gandy. Ezell alikuwa bondeni, mashariki, mahali ambapo mtu haoni chochote ila husikia kila kitu.

Daktari alikuwa ameandika kwamba risasi iliingia kifuani na kutokea mgongoni. Sherifu Dockery alisoma mstari huo mmoja, akamaliza. Hosea alikaa akitazama kijito, amepigwa kifuani, ng'ambo ya kijito kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo amekiri mwenyewe kwamba alifyatua. Juu ya hayo, kwa miaka minne alikuwa akigombana na wale wanaume watatu juu ya uzio. Basi karatasi ikaandaliwa: Bibi Lutie akubali kwamba alimwua Hosea kwa uzembe, hatafungwa, ila hatashika bunduki tena maisha yake yote. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kutia sahihi.

Jana mchana Verdell alikuwa amemkuta jikoni kwake akichemsha karanga kwenye sufuria kubwa.

"Ulifyatua risasi ngapi, Bibi Lutie?"

"Moja."

"Ukapiga nini?"

"Jike. Nusu yake iko kwenye friza. Nusu nilimpelekea mke wa Hosea, kabla hawajaniambia kwamba nimemwua mumewe."

"Ulisikia mlio mwingine?"

Bibi aliweka mwiko chini. "Sikiliza. Kulungu ukimpiga, humkurupukii. Ukimkurupukia anaondoka na kifo chake, unakipoteza wewe na yeye. Kwa hiyo nilikaa nikasoma Zaburi ya ishirini na tatu. Polepole. Nilipofika kwenye kikombe kufurika, bunduki ikalia upande wa kilima."

"Ulimwambia sherifu?"

"Nikamwambia. Akaniuliza nina miaka mingapi."

"Una mingapi?"

"Sabini na minane. Masikio yangu yana umri huohuo, na hayajawahi kudanganya." Alimsogezea bakuli la karanga. "Kula. Umekonda kama fimbo ya mahubiri."

Verdell alimenya karanga. Ilimbidi aulize, kwa sababu mwendesha mashtaka angeuliza. "Kwa nini usisaini tu, Bibi? Hakuna jela. Ungekaa zako hapa kwa amani."

Kizee kile kilimtazama mpaka Verdell akairudisha karanga bakulini.

"Baba yangu alinunua shamba hili enzi ambazo mtu mweusi akinunua ardhi, kwanza anatakiwa aeleze pesa kaiba wapi. Walimjia na karatasi pia. Hakusaini. Walimjia na mienge ya moto, hakusaini. Leo mimi nisaini kwamba nimeua, kwa sababu Dockery ana haraka ya kula chakula cha mchana? Kalamu yake aliyoniachia iko pale. Nimeiandikia orodha ya sabuni na sukari."

*

Sasa mwanga ulitosha. Verdell aligeuka kwenye kiti, akaanza kulikagua shina la mwaloni kwa vidole, taratibu, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa chake. Alipapasa kila mfereji wa gome. Akawasha kitochi kidogo, akarudia. Mara ya tatu alitumia sindano ndefu, akichokoa kila penye kivuli.

Hakukuwa na tundu.

Alirudi akaegemea. Mgongo wake ulilala wote kwenye shina. Shina lilikuwa pana kuliko mabega yake, na pana kuliko mabega ya Hosea. Risasi iliyoingia kifuani mwa mtu aliyeketi hapa na kutokea mgongoni ingekuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Ingekuwa ndani ya mwaloni. Askari wa sherifu walikuwa wameshinda siku mbili wakiitafuta huko juu kilimani, wakisema imepita pembeni. Ipite pembeni vipi, wakati mtu ameegemea?

Alitoa mfukoni picha aliyoiomba ofisini kwa sherifu. Ilionyesha bunduki ya Hosea ikiwa chini, mdomo wake umezama kwenye majani. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: bunduki, chini ya mti. Verdell aliitazama kwa mara ya ishirini, na safari hii hakuitazama bunduki. Alilitazama shina. Shina lilionekana lote, toka mizizini hadi juu, na hapakuwa na ngazi.

Ngazi ilikuwa upande wa kusini. Picha ilipigwa kaskazini. Bunduki ya Hosea ilikuwa imeangukia nyuma ya mti.

Kindi alianza kupiga kelele kwenye tawi la juu, kisha akanyamaza ghafla. Saa moja na dakika kumi. Nyuma ya Verdell, mbali kidogo, majani makavu yalivunjika. Kimya. Yakavunjika tena, hatua mbili, kisha moja. Si kindi. Kindi hutembea kama mtu aliyechelewa kanisani. Hatua hizi zilikuwa za mwenye kusikiliza.

Alifanya kile ambacho mwindaji yeyote angefanya. Alisubiri hatua nyingine, na sauti yake ilipofunika mlio wa kiti akasimama. Alisubiri tena. Akaugeuza mwili kidogo kidogo, kamba ya usalama ikamzunguka chini ya kwapa, mpaka akawa ameuelekea mti, kifua kwenye gome, na jicho moja likichungulia kushoto kwa shina.

Njia ya kulungu ilipita juu kabisa ya mgongo wa kilima. Kwa kuwa mwaloni ulikuwa mteremkoni, kijukwaa cha Hosea kilikuwa sawasawa na mgongo ule, na jike lililotoka kwenye kichaka lilisimama mbele ya macho yake kama limewekwa mezani. Masikio yalizunguka. Mkia ulitikisika. Nyuma yake, katika mwanya kati ya misonobari miwili, juu hewani, kulikuwa na alama ya rangi ya chungwa.

Verdell aliinua darubini yake.

Rufus Gandy alikuwa amekaa kwenye dungu lake, hatua mia na ishirini kutoka alipo. Uso wake ulionekana wote. Na alikuwa akimtazama.

Wawili wale walitazamana hivyo juu ya mgongo wa mnyama, hakuna aliyepepesa. Katika maelezo aliyoyatia sahihi, ukurasa wa pili, shemasi alikuwa amesema kwamba kutoka alipokaa haiwezekani kabisa kuliona dungu la Hosea.

Gandy ndiye aliyeinamisha kichwa. Jike lilihisi kitu, likaruka, mkia mweupe ukapotea kichakani.

Verdell hakuteremka. Aliubana mwili wake palepale, kifua kimeelekea kilimani, akageuza shingo tu, akatazama nyuma ya bega lake ng'ambo ya kijito. Kama risasi ilitoka kwenye mwanya ule, ikapita kifua cha mtu aliyejitokeza kando ya shina kulenga, basi iliendelea kuteremka kuelekea kule. Aliupitisha mti baada ya mti kwenye darubini. Mti wa sita ulikuwa msonobari mchanga kwenye ukingo wa Bibi Lutie. Usawa wa kichwa cha mtu, gome lake lilikuwa na tundu dogo linalotoa utomvu mweupe, mstari mrefu uliokauka, kama mshumaa ulioyeyuka upande mmoja.

Hakuna askari aliyetia mguu kwenye ukingo ule. Nani atafute risasi mahali inaposemekana imetokea?

*

Alivuka kijito maji yakimfika magotini. Bibi Lutie alikuwa amekwisha shuka dunguni, amesimama karibu na msonobari, mikono kiunoni.

"Umeng'ang'ania kuutazama mti wangu kama unataka kuuposa."

"Nataka kuukata, Bibi."

"Una kibali cha hakimu?"

"Sina."

"Dockery naye hakuwa nacho, nikamfukuza." Bibi alilisogelea lile tundu, akalitazama kwa jicho moja. "Mti huu niliupanda mwenyewe. Subiri nikalete chenso."

Verdell alipiga picha kwanza: mti mzima, tundu pamoja na rula, kisha mstari kutoka kwenye tundu kurudi juu kwenye dungu la Hosea. Risasi haikuwa imezama sana. Ilikuwa imekwisha choka kwa kazi iliyoifanya kabla. Kitako chake kilionekana ndani ya mbao, hakijapondeka. Alikipima kwa koleo la vipimo mara tatu, akaandika kila mara. Milimita saba na kidogo.

"Yangu ni nene kuliko hiyo," alisema Bibi Lutie.

"Yako ni karibu nane. Ya Mzee Ezell vilevile. Ya Hosea vilevile."

Bibi hakuuliza ya nani ilikuwa nyembamba. Kila aliyewahi kula nyama kwenye kambi ile alikuwa amemsikia Gandy akijisifu kwa bunduki yake nyembamba inayopiga mbali. Aliiwasha chenso, akakata juu ya tundu na chini yake, mikono yake mikavu ikiwa imara kabisa, na kipande kilipodondoka akakiokota, akampa Verdell kama anampa mtoto wa jirani.

"Kishike vizuri. Kikipotea huko ofisini, miti mingine ninayo, ila risasi sina."

*

Saa mbili kamili Gandy na Ezell walifika mwaloni. Verdell alikuwa amekiweka kipande cha msonobari juu ya kisiki, kimefungwa ndani ya mfuko wenye lakiri. Gandy alikiona mara moja. Hakukiuliza.

"Nimekuona, Shemasi," Verdell alisema.

"Majani yamepukutika. Wiki mbili zilizopita usingeona kitu."

"Ule mwanya uko kati ya misonobari. Misonobari haipukutishi."

"Basi leo nimekaa tofauti kidogo."

"Kiti chako kimefungwa kwa mnyororo na kufuli yenye kutu. Nimekikagua Alhamisi." Alifungua daftari. "Ulifyatua siku ile?"

"Nimekwisha sema. Sikufyatua. Ililia bunduki moja, ng'ambo ya kijito. Ezell alisikia hivyohivyo. Iko kwenye karatasi."

"Mzee Ezell?"

Ezell alikuwa akilitazama kile kiti kitupu juu ya ngazi. "Iko kwenye karatasi," alisema.

"Sikuulizi karatasi."

"Mwache mzee wa watu," Gandy alisema, na sauti yake ikapanda. "Unataka nini wewe? Nimemzika rafiki yangu. Mimi ndiye niliyeongoza sala. Umesimama na gogo lako unadhani nani atakusikiliza? Nenda kamwambie sherifu kwamba shemasi wa miaka thelathini ni mwongo na yule kizee mgomvi ni mkweli. Nenda! Nitakupeleka mimi mwenyewe, nikae nisikie kicheko."

"Twende," Verdell alisema. "Ila kwanza nimwulize Mzee Ezell swali moja. Nyie wawili ndio mliomkata kamba na kumshusha kabla askari hawajafika. Shemasi ameandika kwamba alikuwa ananing'inia ameelekea kijito. Wewe hukuandika kitu. Alikuwa ameelekea wapi?"

"Nilikuwa nalia," Ezell alisema. "Sikuangalia."

"Ulimshika miguu. Ni lazima ulijua vidole vimeelekea wapi."

Ezell alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Alikuwa ameukumbatia mti, Rufus," alisema hatimaye, na hakumwambia Verdell, alimwambia mwenzake. "Shavu lake lilikuwa kwenye gome. Ilinibidi niubandue mkono."

"Ezell."

"Na nilisikia milio miwili. Nikakuambia, miwili. Ukaniambia wa pili ni mwangwi wa kilima. Nimewinda bonde lile miaka ishirini na sita, sijawahi kusikia mwangwi unaochelewa dakika nzima. Lakini uliniambia wewe, nikaubeba." Pumzi zake zilikuwa zinapiga filimbi. "Usiku nalala nao. Siubebi tena. Nitauliwa na moyo, siuwezi."

"Ezell, nyamaza, kwa ajili ya Mungu."

"Mungu mwache. Umemtumia vya kutosha wiki hizi mbili."

Gandy alisogea mpaka kwenye ngazi ya Hosea, akaketi kwenye kipandio cha chini, magoti yake marefu yakimfika karibu na kidevu. Verdell alimsomea haki zake, neno kwa neno, kutoka kwenye kadi, ingawa alizijua kwa moyo. Kisha akangoja. Kungoja alikujua.

"Lilikuwa dume," Gandy alisema. "Pembe kumi. Lilisimama pale juu na mwanga nyuma yake. Sisi sote watatu tulikuwa tumelitafuta misimu mitatu. Nililiona kwenye darubini, nikaliona hilo tu. Kitambo cha kuvuta pumzi moja, nikasahau kilicho nyuma yake. Nililikosa. Likaruka. Nikashuka nikatafuta damu, sikuona damu, nikasema, nimshukuru Mungu, halikujeruhiwa. Kisha nikatazama mteremkoni."

"Kwa nini hukusema?" Ezell aliuliza. "Ilikuwa bahati mbaya! Tungekuelewa!"

"Nilitaka kusema. Askari wakafika, mmoja akauliza, kule ng'ambo anakaa nani? Kabla sijajibu akajibiwa na mwenzake." Alifuta uso kwa kiganja. "Sikumtaja mimi. Walimtaja wao. Mimi nilinyamaza tu."

"Siku ya kwanza ulinyamaza," Verdell alisema, akiandika. "Siku ya tatu ulitia sahihi kwamba ulimwona Bibi Lutie ameinua bunduki kuelekea huku, ingawa uliandika kwamba hata dungu la Hosea hulioni. Nina karatasi hiyo pia."

Verdell alifunga daftari. Kuna jambo ambalo halikuwa lazima kwa ripoti, na alijua lingeuma, na alilisema kwa sababu mtu aliyekufa hakuwa na mwingine wa kulisema.

"Hosea alikuwa amesimama, amegeuka, bunduki begani. Alikuwa na dume lilelile kwenye darubini. Alikuwa karibu nalo kuliko wewe. Bunduki yake ilikutwa na kifungo cha usalama hakijafunguliwa. Hakujaribu hata kukifungua, Shemasi. Nyuma ya dume kulikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa, na alijua ni cha nani."

Sauti iliyomtoka Gandy haikuwa neno. Ezell aligeuka akaenda akasimama mbali, mgongo umewaelekea.

Simu ya Verdell ilitetemeka. Alilisoma jina, akapokea.

"Tolliver," sauti ya Sherifu Dockery ilisema, "naambiwa umewarudisha wazee wale msituni. Nani kakuruhusu?"

"Sikuomba ruhusa."

"Ile karatasi ya Jumatatu..."

"Ichane. Nakuletea nyingine kabla ya saa nne, na mtu wa kuisaini. Andaa chumba, na andaa mashahidi wawili."

"Tolliver, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na andaa mtu wa kwenda kumwomba radhi Bibi Crenshaw. Asiwe wa cheo kidogo." Akakata.

Maji yalipigwa kijitoni. Bibi Lutie alikuwa anavuka, sketi ameikunja kiunoni juu ya mabuti ya mpira, chenso mkononi. Alipanda mteremko bila kuharakisha, akasimama mbele ya yule mtu aliyekaa ngazini. Alikuwa amesikia ya kutosha. Kijito hakikuwa kipana kiasi hicho, na masikio yake hayakuwa na shida.

Gandy alisimama. Alikuwa mrefu kumzidi mara moja na nusu, lakini alisimama kama aliyekatwa magoti. "Bibi Lutie. Nimekukosea. Nisamehe."

"Hapa?"

"Hapa, Bibi. Mbele za Mungu."

"Hapana." Aliiweka chenso chini. "Jumapili mbili umesimama madhabahuni ukaombea 'roho ya dada aliyemwaga damu,' na shingo zote mia na kumi zikageuka kunitazama. Nilikuwa benchi la tatu. Sikuinuka, sikutoka, na wimbo wa mwisho niliuimba. Uliniua hadharani, Rufus Gandy, halafu unataka kunifufua kichakani, mbele ya Ezell na bwana nyama? Utasimama palepale. Utasema kwa sauti ileile. Kama watakuwa wamekufungia, utaiandika, na Ezell ataisoma."

"Nitaisoma," Ezell alisema kutoka kule alikosimama.

Gandy alimtazama Verdell kana kwamba angepata msaada. Hakupata. "Mke wangu yuko kwenye kwaya," alisema kwa sauti ndogo. "Wajukuu wangu watakuwepo. Bibi Lutie, watu watanisema mpaka kaburini."

"Watakusema," alisema Bibi Lutie, akiinama kuiokota chenso yake. "Mimi wamenisema wiki mbili mchana na usiku, na asubuhi hii nimekula mayai matatu."